Mraba, Mstatili, na Mtoto Aliyeambiwa Akae Chini

Ndugu mwanachuo, makala haya yahusu misingi ya lugha za kompyuta, ingawa shule ninayotaka kuizungumzia haikuwa na kompyuta hata moja wakati jambo hili lilipotukia, wala sitakuomba uwe nayo ili upate kunielewa. Nitakachokuomba ni kamba ndefu ya katani, watoto wanne wa kuishika, na subira kidogo. Yaliyobaki yatatoka katika kosa nililolifanya mwenyewe mbele ya darasa. Kosa hilo lilinichukua miaka mingi kulitambua, na sipendi mwalimu kijana alirudie.

Nilikuwa nikifundisha Hisabati, Darasa la Tano, huku Hasamba katika Wilaya ya Mbozi, nchi ya kahawa na mahindi iliyo karibu na barabara kuu iendayo Zambia. Siku hizo Mbozi ilikuwa bado katika Mkoa wa Mbeya, maana Mkoa wa Songwe haukuanzishwa mpaka mwaka 2016. Somo la siku ile lilikuwa maumbo bapa. Watoto walikuwa wengi kuliko madawati, na vitabu vilikuwa vichache. Kwa hiyo nikawatoa uwanjani. Nikafunga ncha mbili za kamba pamoja, nikachagua watoto wanne, kila mmoja akawa pembe. Kwanza wakafanya mraba. Kisha nikawaamuru wavute, kamba ikapenya mikononi mwao, pande mbili zikarefuka na pande mbili zikafupika, tukapata mstatili. Wakavuta tena, tukapata mstatili mwingine mwembamba zaidi. Lilikuwa somo zuri, nami nilijisifu moyoni.

Tuliporejea darasani niliandika ubaoni: Kila mraba ni mstatili. Nikaeleza kwamba mstatili ni umbo lenye pande nne na pembe mraba nne. Mraba unazo pande nne na pembe mraba nne. Kwa hiyo mraba ni mstatili wa namna ya pekee. Hadi hapo nilikuwa salama. Lakini nikaongeza sentensi moja ya kwangu mwenyewe, ambayo haikuwamo kitabuni. Nikasema, "Basi, lolote uwezalo kuufanyia mstatili, waweza kuufanyia mraba pia."

Msichana mmoja aliyekuwa mmojawapo wa wale walioshika kamba akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, si kweli. Mstatili tukiuvuta unabaki mstatili. Tunaweza kuuvuta tena na tena. Mraba tukiuvuta mara moja tu, umekufa. Sasa utakuwaje mstatili, nao hauvutiki?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka pamoja nao, na hilo ndilo liniumalo zaidi. Nikamwambia akae chini, kwamba kitabu kimekwisha sema. Akakaa.

Miaka kadhaa baadaye nilipata nafasi ya kuhudhuria mafunzo ya uandishi wa programu za kompyuta. Katika juma la pili mkufunzi aliandika ubaoni fumbo moja ambalo, alisema, limetumika kwa muda mrefu kuwapima wanafunzi wa fani hiyo. Tuna jamii ya vitu iitwayo mistatili, na kila mstatili hukubali kurefushwa upande. Tuna jamii nyingine iitwayo miraba. Je, yafaa miraba ifanywe kuwa tawi la mistatili? Wengi wetu tukajibu upesi kwamba yafaa, maana kila mraba ni mstatili. Mkufunzi akatikisa kichwa, akasema, "Urefushe basi upande mmoja wa mraba, mniambie mmebaki na nini."

Niliona joto likinipanda usoni. Mtoto wa miaka kumi na mmoja alikuwa amelisema jambo hilo hilo mbele yangu, kwa maneno mafupi kuliko ya mkufunzi, nami nikamcheka.

Tangu hapo nilianza kuchunguza fumbo hilo lilitoka wapi, nikagundua kwamba limekaa katika njia panda ya fikra mbili kubwa ambazo wabunifu wa lugha za kompyuta wamekuwa wakizipima kwa zaidi ya nusu karne. Fikra ya kwanza husema kwamba ulimwengu ni vitu, na kila kitu kina hali yake ibadilikayo. Fikra ya pili husema kwamba ulimwengu ni kanuni za kugeuza jambo moja kuwa jingine, na kwamba kilichokwisha kuwapo hakibadiliki. Hapana budi niyaeleze yote mawili, kwa kuwa mwalimu wa shule ya msingi huyafundisha yote mawili kila siku bila kujua.

Fikra ya vitu ilipata lugha yake ya kwanza huko Oslo, Norwei, katika miaka ya 1960. Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl walikuwa wakifanya kazi katika Kituo cha Kompyuta cha Norwei, nao walitaka kuigiza ndani ya kompyuta mambo yenye foleni na kusubiriana. Wakabuni lugha iitwayo Simula, na toleo lake la mwaka 1967 ndilo lililoleta wazo la jamii ya vitu na matawi yake.

Ili uelewe walichokitafuta, nenda Tunduma usimame mpakani. Malori yanatoka Dar es Salaam yakielekea Zambia na Kongo, na foleni yake yaweza kuwa ndefu sana. Hata baada ya kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kufunguliwa rasmi mwaka 2019, lori halipiti bila kungoja zamu yake. Tuseme umetakiwa kujua kama kuongeza dirisha moja la ukaguzi kutapunguza kungoja. Ungeweza kuandika orodha ndefu ya tarakimu tupu, za uzito hapa na za saa kule, nawe ungepotea. Nygaard na Dahl waliona afadhali kila lori liwe kitu kamili ndani ya kompyuta, chenye uzito wake, hati zake na nafasi yake katika foleni, na chenye kujua namna ya kusogea, kungoja na kuondoka. Malori yote ni jamii moja. Malori ya mafuta ni tawi la jamii hiyo. Yanarithi kila lililo la malori yote, kisha yanaongeza masharti yao. Wawili hao walipewa tuzo ya Turing ya mwaka 2001, nao wakafariki wote wawili mwaka 2002.

Usidhani habari za Oslo ziko mbali nasi. Kutoka Simula walichukua wazo hilo waliobuni lugha nyingi za baadaye, ikiwamo Java iliyotolewa mwaka 1995. Chuo Kikuu cha Oslo kimekuwa kitovu cha kutengeneza mfumo wa taarifa za afya uitwao DHIS2, ulioandikwa kwa Java, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoutumia nchi nzima. Muuguzi anapojumlisha mahudhurio ya kliniki katika vitabu vya MTUHA, na jumla hiyo ikapelekwa wilayani na kuingizwa katika mfumo huo, tarakimu za watoto wetu wa Mbozi zinapita katika jamii na matawi yaliyofikiriwa kwanza kule Norwei.

Lakini mwalimu wa Kiswahili alikuwa na somo hilo kabla ya Norwei. Chukua kitenzi kimoja, anguka, ukipe vitu mbalimbali. Mtu ameanguka, mti umeanguka, embe limeanguka, kiti kimeanguka. Amri ni moja, ila kila kitu huijibu kwa namna ya ngeli yake. Watu wa kompyuta hulihesabu jambo hili kuwa nguzo ya fikra ya vitu: mwenye kutoa ujumbe hahitaji kujua undani wa anayeupokea, kwani kila mpokeaji anajua namna yake ya kujibu. Wanyiha, wenyeji wa Mbozi, nao wana ngeli katika lugha yao, hivyo mtoto wa Hasamba hufika shuleni akiwa amekwisha kuimiliki fikra hii kwa lugha mbili.

Kisha waulize watoto habari za kifaru. Kwa umbo, neno hili linafanana na kiti na kisu. Mbona basi twasema kifaru amelala, wala hatusemi kifaru kimelala? Watoto watakujibu upesi kwamba kifaru ana uhai. Wameshika jambo kubwa. Neno limevaa vazi la ngeli moja, lakini linatenda kwa sheria ya ngeli nyingine, na lugha yetu imeamua kwamba tendo lina uzito kuliko vazi. Mwaka 1987 mtaalamu wa Kimarekani Barbara Liskov alilieleza jambo lililo karibu na hili kwa ajili ya lugha za kompyuta. Alisema kwamba tawi ni tawi la kweli pale tu linapoweza kuwekwa mahali pa shina lake, na programu iliyolitegemea shina isione tofauti. Hatutazami kinachofanana na nini. Tunatazama kama kinatimiza ahadi. Kwa kipimo hicho, mraba uvutwao hautimizi ahadi ya mstatili uvutwao. Msichana wangu alikuwa amesema kweli.

Je, kitabu basi kilikosea? La hasha. Ili tuone kwa nini hakikukosea, twende kwenye fikra ya pili.

Fikra hii ni kongwe kuliko kompyuta zenyewe. Katika miaka ya 1930 mwanahisabati wa Kimarekani Alonzo Church alitunga hesabu ndogo ya ajabu iitwayo lamda, ambayo ndani yake hamna kitu kingine ila fanksheni. Fanksheni ni kama mashine ya kusaga: unatia mahindi, unapata unga. Tia kipimo kile kile cha mahindi yale yale, utapata unga ule ule, leo na kesho. Mashine haikumbuki nani alisaga jana. Mwaka 1936 Church alionyesha kwa hesabu hiyo kwamba yapo maswali ya Hisabati ambayo hayana kanuni moja ya hakika ya kuyajibu. Mwaka 1958 John McCarthy alianza kubuni lugha ya Lisp, akaazima alama za Church, na kutoka hapo zikaja lugha nyingi za ukoo huo, mojawapo ikiwa Haskell ya mwaka 1990.

Ajabu ya hesabu ya Church ni kwamba fanksheni yaweza kutiwa ndani ya fanksheni nyingine, na kinachotoka kikawa fanksheni vilevile. Mgeni huona jambo hili gumu. Mswahili hulifanya akiwa jikoni. Kiambishi cha mnyambuliko hupokea kitenzi na kutoa kitenzi. Piga hutoa pigana. Pigana hutoa piganisha. Piganisha hutoa piganishwa. Kwa kuwa kinachotoka ni kitenzi, unaweza kukirudisha ndani tena. Na mpangilio una maana yake: kuwapiganisha watu ni kuwafanya wapigane, ambapo watu wakipigishana, kila mmoja anamfanya mwenzake apige. Viungo ni vile vile, utaratibu umebadilika, maana imebadilika. Mwalimu anayefundisha mnyambuliko kwa makini anafundisha kuunganisha fanksheni, hata kama hajawahi kulisikia jina la Church.

Sharti kuu la fikra hii ni kwamba hatufuti. Ukitaka tarakimu mpya, tengeneza tarakimu mpya, ile ya zamani uiache mahali pake. Nilipolisikia sharti hili mafunzoni, wenzangu walilalamika kwamba ni kupoteza nafasi. Mimi sikulalamika, kwa sababu nilimkumbuka mama yangu.

Mama alikuwa na shamba dogo la kahawa. Msimu wa mavuno alipeleka kahawa yake mara nyingi, kidogo kidogo, kwenye chama kimoja ambacho sitakitaja. Karani alikuwa na kadi ya kila mkulima, na katika kadi hiyo mlikuwa na tarakimu moja tu, iliyoandikwa kwa penseli: jumla ya kilo. Kila mkulima alipopima, karani alifuta jumla ya zamani na kuandika mpya. Mama hakujua kusoma, ila nyumbani alikuwa na kopo, na kila aliporudi kutoka kupima alitia humo punje za mahindi kwa hesabu ya kilo alizosomewa, akizifunga kila safari katika jani lake la mgomba. Siku ya malipo jumla ya karani ilipungua jumla ya mama. Mama akafungua majani yake mbele ya watu, safari kwa safari. Karani akaonyesha kadi. Kadi haikuweza kusema ilipunguka lini wala wapi, maana yote yaliyotangulia yalikuwa yamefutwa. Yamkini karani hakuiba. Yamkini aliteleza siku moja katika kujumlisha. Hata hivyo penseli iliaminiwa, punje hazikuaminiwa, nami nilianza mwaka ule wa shule bila sare.

Leo naelewa kwamba mama alikuwa na daftari bora kuliko la karani. Karani alikuwa na hali ya sasa peke yake. Mama alikuwa na historia, na mwenye historia anaweza kuipata hali ya sasa wakati wowote kwa kujumlisha, lakini mwenye hali ya sasa hawezi kuirudisha historia. Mwaka 1977 John Backus, kiongozi wa kundi lililobuni lugha mashuhuri ya Fortran, alisimama kupokea tuzo ya Turing akaitumia hotuba yake kulaumu namna ya lugha ambayo yeye mwenyewe alisaidia kuieneza. Alilalamika kwamba lugha hizo zimefungwa na desturi ya kubadilisha tarakimu moja baada ya nyingine katika kumbukumbu ya mashine, akapendekeza zijengwe kwa fanksheni. Nampenda mtu huyo kwa sababu alisimama mbele ya watu wote akaikosoa kazi yake. Walimu tuna uzoefu mdogo wa jambo hilo.

Sasa turudi kwenye kamba. Katika ulimwengu wa fikra ya pili, kuurefusha upande wa mraba hakuuui mraba. Mraba wa kwanza unabaki. Kinachotoka ni umbo jipya pembeni yake, nalo ni mstatili. Kanuni ya kurefusha iliahidi kupokea mstatili na kutoa mstatili. Imepewa mraba, ambao ni mstatili, na imetoa mstatili. Ahadi imetimizwa yote. Katika ulimwengu huo kila mraba ni mstatili bila shaka yoyote, na huo ndio ulimwengu wa kitabu cha Hisabati, ambamo umbo likichorwa halisogei milele. Lakini mimi niliwapa watoto kamba, na kamba ni kitu cha ulimwengu wa kwanza: ni ile ile moja, na ikivutwa, umbo la mwanzo limetoweka. Kitabu kilisema kweli katika ulimwengu wake, na mtoto alisema kweli katika ulimwengu niliompeleka mimi mwenyewe. Aliyekosea alikuwa mwalimu, aliyehama kutoka ulimwengu mmoja hadi mwingine katikati ya somo bila kuwaambia watoto wala kujiambia mwenyewe.

Wako wanaobishana kwamba fikra moja ishinde na nyingine iachwe. Sioni haja. Lori la Tunduma linabadilika kweli: lilikuwa kwenye foleni, sasa limevuka. Ni vigumu kulieleza bila kusema habari ya hali yake. Kilo za mama hazikubadilika: zilizopimwa Jumatatu zilipimwa Jumatatu, na hakuna kifutio kinachoweza kuzifanya zisiwe zimepimwa. Kazi ya mwenye kubuni lugha ni kuamua mapema nini kiruhusiwe kubadilika na nini kisiruhusiwe, na kuyasema maamuzi hayo wazi. Kazi ya mwalimu ni hiyo hiyo.

Utauliza, ndugu mwanachuo, mambo haya yatakufaa nini katika shule isiyo na kompyuta, au yenye moja iliyofungiwa ofisini. Naomba nikupe mazoezi manne niliyoyajaribu mwenyewe.

La kwanza ni kobe. Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928, alishirikiana na wenzake huko Marekani kubuni mwaka 1967 lugha ya watoto iitwayo Logo, ambayo ni ndugu wa Lisp. Mtoto humwamuru kobe aende mbele hatua kadhaa, ageuke kulia, aende tena. Papert aliona kwamba mtoto huelewa umbo kwa kujiweka mwenyewe mahali pa kobe. Uwanja wa shule watosha kabisa. Mtoto mmoja awe kobe, mwenzake atoe amri, asiruhusiwe kumgusa wala kumwonyesha kwa kidole. Mraba ukitoka mbaya, msimlaumu kobe, someni amri.

La pili ni sanduku. Chukua boksi la katoni, utoboe tundu la kuingizia na la kutolea, mtoto mmoja akae nyuma yake akiwa na kanuni ya siri, kwa mfano zidisha kwa mbili. Wenzake wanatia kadi zenye tarakimu, wanapokea majibu, wanakisia kanuni. Kisha weka masanduku mawili kwa mfululizo, la pili likiwa na kanuni ya kuongeza tatu. Tano ikianzia sanduku la kwanza itatoka kumi na tatu. Ukigeuza mpangilio wa masanduku itatoka kumi na sita. Waache wenyewe wagombane mpaka wajue kwa nini.

La tatu ni ngeli. Toa kitenzi kimoja na vitu kumi, kila mtoto awe kitu na ajibu kwa kiambishi chake. Usisahau kifaru, wala kipofu.

La nne si mchezo, ni desturi: usiwaache watoto wafute. Mtoto akikosea hesabu, apige mstari mmoja juu ya kosa, aandike upya chini yake. Aghalabu sisi walimu hupenda daftari safi, na kwa usafi huo tunafanya kama karani yule: tunabaki na jibu, tunapoteza njia. Daftari lenye mistari ya makosa linakuonyesha mahali hasa ambapo fikra ya mtoto ilikunja kona, na hapo ndipo panapostahili kufundishwa.

Na likitokea swali kama la msichana yule, usijibu kwa kitabu. Uliza kwanza, "Wewe unazungumzia umbo linalovutwa, au umbo lililochorwa likabaki?" Swali hilo moja lingeliokoa somo langu. Lingechukua dakika mbili.

Msichana mwenyewe nilimwona tena Tunduma, si zamani sana. Ni mama mtu mzima, anauza mchele wa Kamsamba sokoni. Aliniona kwanza yeye. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika, "Marahaba, mwanangu." Nikamweleza habari ya kamba na mraba, kwamba siku ile alikuwa amesema kweli nami nilikuwa nimekosea, na kwamba swali lake hufundishwa katika vyuo vikuu. Alinisikiliza huku akimpimia mteja. Alipomaliza akasema, "Habari ya kamba siikumbuki, Mwalimu. Nakumbuka tu kwamba Hisabati ilikuwa haitaki maswali, nikaacha kuuliza."

Sikuwa na neno la kumjibu. Akafunga mfuko wa mteja, akapokea fedha, kisha akaniuliza, "Na siku hizi wanaruhusiwa? Maana mwanangu yuko Darasa la Tatu, naye ana maswali mengi."

Nikamwambia kwamba siku hizi wanaruhusiwa. Nimeandika makala haya kwa ajili yenu mtakaompokea mtoto huyo Darasa la Tano, ili jibu nililompa mama yake lisiwe la uongo.